Maji Aliyoyabeba Ata

Yai la mnyoo tegu wa mbwa haliliwezi jua la Turkana. Wachira, Macpherson na Gathuma, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1991, waliyafuatilia mayai hayo mahali mbalimbali ili waone yanadumu muda gani. Kwenye mchanga ulio wazi yalikufa baada ya saa chache. Ndani ya kibanda, na penye unyevu karibu na maji, yaliishi siku kadhaa. Kwa hiyo mchungaji anayeshinda juani na ngamia wake ana nafuu kidogo. Hatari imejificha kwenye vitu viwili ambavyo kila mtu wa huku anavitafuta tangu azaliwe, yaani kivuli na maji. Na anayekaa kivulini na watoto, anayeingia kisimani kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu, akichota kwa bakuli hadi mtungi ujae, ni mwanamke.

Nyanya yangu aliugua hivyo. Tulimwita Ata, kama Waturkana wote wanavyomwita nyanya, na jina lake halisi nitaliacha lilale naye. Aliishi magharibi ya Kakuma, upande ambao laga ya Tarach inateremka kutoka mpakani mwa Uganda. Nchi hiyo ina hadithi ya mwanamke mzee mwingine. Wazee husimulia kwamba vijana wa kabila la Wajie walifuata nyayo za fahali aliyepotea, wakashuka naye hadi bonde la Tarach, na huko wakamkuta Nayeche akichuma matunda ya mwituni, fahali akiwa amekwisha kumzoea. Yeye ndiye aliyewaonyesha malisho. Vijana wakarudi na mifugo, na huko ndiko Waturkana wanakosema walianzia. Ata alipenda kusimulia habari hizo, ila alikuwa na sehemu yake ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine: kwamba vijana walipofika, jambo la kwanza waliloulizwa na Nayeche ni kama wamekuja na chochote cha kula.

Uzito ulianza upande wa kulia, chini ya mbavu. Si maumivu, alisema, ni kama mtu amekaa hapo na hataki kuondoka. Miaka ikapita. Tumbo likatangulia mbele, na kwa kuwa alikuwa mjane aliyekwisha kuota mvi, utani ukaanza. Wake wenzake wa zamani wakamuuliza baba wa mtoto ni nani. Alikwenda kwa emuron, mganga wa kwetu, akachanjwa chale ambazo bado zilionekana hata uzeeni, mistari midogo iliyopangwa vizuri. Akaenda pia kwenye zahanati moja ambayo sina haja ya kuitaja, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akazinywa zote, akarudi kuomba nyingine. Wakati huo wote alichimba maji, alibeba kuni, alijenga na kubomoa vibanda kila boma lilipohama, maana kwetu nyumba ni kazi ya mwanamke, kuanzia fito hadi makuti ya mkoma.

Ugonjwa wenyewe una jina refu la kitabibu, ila watu wa Kakuma na Lokichoggio waliozoea madaktari huuita haidatidi. Mnyoo wake ni mdogo ajabu, milimita chache tu, na anakaa katika utumbo wa mbwa bila kumsumbua. Mayai hutoka na kinyesi. Mbuzi, kondoo au ngamia akiyala pamoja na majani, yanaangua, kiluwiluwi kinapita hadi kwenye ini au mapafu na kujijengea kifuko kilichojaa maji. Siku mnyama anapochinjwa na matumbo yenye vifuko kutupiwa mbwa, duara linafunga. Binadamu anaingia kwa bahati mbaya, kwa mkono ulioshika mbwa na kisha kushika chakula, au kwa maji yaliyochafuka. Ndani yake kifuko hicho hukua polepole, sentimita moja kwa mwaka, wakati mwingine zaidi, kwa miaka kumi au ishirini, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mwenyewe hajui.

Mbwa wetu hakuwa wa kufugwa mlangoni tu. Alilala ndani na watoto. Mtoto akiharisha au akitapika, mbwa aliitwa aje kusafisha, kwa sababu maji ya kuoshea yako umbali wa nusu siku na mbwa yuko hapo hapo. Wageni walioandika kuhusu jambo hili mara nyingi waliliandika kwa kukunja pua. Mimi naona hesabu ya mama mwenye lita ishirini za maji kwa siku mbili na watu saba wa kunyweshwa, na sijui ni nani angepata jibu jingine. Vilevile zamani si kila maiti ilizikwa. Nyingi ziliachwa porini. Macpherson aliandika mwaka 1983 kwamba huenda Turkana ni mahali ambapo hata binadamu anaweza kuurudishia mnyoo huu njia ya kumfikia mbwa, jambo lisilotarajiwa kwingine.

Idadi ya wagonjwa ndiyo iliyowashangaza madaktari. Nelson na Rausch walikuwa wameandika kuhusu mnyoo huyu nchini Kenya tangu mwaka 1963. Lakini mwaka 1982 French, Nelson na Michael Wood, yule daktari wa upasuaji aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika la afya la AMREF mwaka 1957, walipoweka hesabu za Turkana mezani, kaskazini-magharibi ya wilaya ilionekana kuwa na wagonjwa wapya wapatao 220 kwa kila watu 100,000 kila mwaka. Hakukuwa na mahali pengine duniani palipojulikana kuwa na kiwango kama hicho. Na katika hesabu hizo wanawake waliwazidi wanaume.

Mwaka uliofuata, 1983, AMREF ilianzisha mpango wa kuudhibiti. Mbwa walipewa dawa ya prazikwanteli kila baada ya wiki sita, wazururaji wakaondolewa, watu wakafundishwa kufukia matumbo yenye vifuko. Kwa upande wa wagonjwa kilichobadilisha mambo ni mashine ya ultrasaundi ya kubebeka. Vipimo vya damu vilikuwa vikidanganya. Mtu mwenye kifuko kikubwa tumboni aliweza kuonekana hana kitu. Mashine haikubishana na mtu. Macpherson na wenzake waliripoti mwaka 1987 kwamba kwa watu wanaohamahama picha ya tumbo inashinda damu, na tangu hapo jenereta, meza na turubai chini ya mti vikawa sehemu ya maisha ya maboma ya huko. Uchunguzi wa namna hiyo mwaka 1985 ulionyesha asilimia 5.6 ya waliopigwa picha wana vifuko. Kati ya mwaka 2010 na 2012 ilikuwa kati ya asilimia 1.9 na 3.8. Maendeleo, ndiyo, ila bado ni watu wengi kwa ugonjwa ambao dunia imeshausahau.

Ata alikuwa mmoja wa hao waliobaki. Alipigwa picha chini ya mti wa ewoi, nami nilikuwepo, nimetoka Lodwar, kilomita kama mia moja na ishirini hivi, wakati barabara ile ilikuwa bado ni mashimo na vumbi. Nilijitolea kutafsiri. Alikataa kulala kwenye meza mpaka aambiwe ile dawa baridi inayopakwa tumboni imetengenezwa na mafuta ya mnyama gani. Muuguzi, kijana wa kutoka Nyeri aliyemwita shosho kwa heshima ya kwao, akasema haina mnyama. Ata akaipaka kwenye kidole, akanusa, akaonja kidogo, akatema, akalala.

Kifuko kilikuwa kwenye ini, sentimita kumi na nne. Daktari alimgeuzia kioo cha mashine aone. Nikatafsiri: ni maji, yamezungukwa na ukuta, ukuta ukipasuka, maji yale yanaweza kuufanya mwili ushtuke hata mtu akafa hapo hapo, au vifuko vingine vikaota tumbo zima.

"Nikianguka na mzigo wa kuni, kinapasuka?"

Daktari akasema inawezekana.

"Na nimebeba kuni nacho miaka mingapi?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Kwa ukubwa ule, huenda zaidi ya kumi. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza ni nani atakayekamua mbuzi akiwa hospitali.

Ndugu zangu, pamoja na watu wa kanisani Lodwar, walipopata habari walianza kumsifu kwa kuvumilia. Miaka yote hiyo na asilalamike! Mwanamke wa chuma! Sifa hizo zilinisumbua tangu mwanzo, na baadaye nikaelewa sababu. Ini halina maumivu ya mapema. Kifuko kinakua kimya. Hakuna cha kuvumilia kwa sababu hakuna cha kuhisi, ila uzito. Kumsifu kwa hilo ni kumsifu mtu kwa kutojua. Tena sifa hiyo ina faida kwa wengine. Mwanamke mzee akiitwa wa chuma, watu wote wanapata ruhusa ya kuchelewa, jamaa wa Lodwar mwenye mshahara, zahanati iliyompa dawa za vidonda, na nchi ambayo mashine ya picha inamfikia mtu wake siku mzungu na jenereta wanapopita. Wanawake wa umri wake hawakuombwa ruhusa ya kugeuzwa mifano ya subira.

Ninalolistahi lilianza baada ya kujua. Siku ile aliambiwa kwamba hatua yoyote anayopiga inaweza kuwa ya mwisho, na aliondoka pale akiwa na mipango. Mkwe wake alikuwa na mimba ya miezi minane. Upasuaji utasubiri mtoto azaliwe, alisema, kwa sababu mtoto akizaliwa Ata hayupo, ni nani atamshika? Daktari akakubali, akampa albendazoli za kumeza kwa wakati huo, asubuhi na jioni. Alimpa na sharti moja ambalo kwa mtu wa mjini ni dogo: azimeze pamoja na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta dawa hiyo haiingii mwilini sawasawa, inapita tu.

Hapo ndipo nilipoona nguvu za mwanamke huyu. Ulikuwa mwaka wa ukame. Ngamia walikuwa wameshapelekwa mbali, mbuzi waliobaki hawakuwa na maziwa ya kutosha wana wao, sembuse samli. Mafuta yaliyokuwepo karibu ni yale ya msaada kwenye kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, ambako wakimbizi hupewa mgao na wenyeji huwauzia kuni na makaa. Basi Ata, aliyekatazwa kubeba mizigo, akatafuta namna. Aliwatuma wajukuu wakate mathenge, ule mti wa miiba uliovamia kingo za laga na ambao huwasumbua hata mbuzi. Yeye akakaa kivulini akiyafunga matita, akayapanga kwa ukubwa, akafundisha watoto bei. Tita moja kwa kikombe cha mafuta. Mama mmoja wa Kisudani, mteja wake wa muda mrefu, alimjazia kikombe hadi ukingoni alipoambiwa ni ya dawa. Asubuhi na jioni Ata alitia vidonge mdomoni, akanywa mafuta yale kijiko kikubwa, akafunga macho. Niliyajaribu mara moja. Sina hamu ya kurudia.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Ata alimshika kwa wiki kadhaa, akampa jina, kisha akatangaza kwamba sasa anaweza kwenda.

Hospitali ya misheni ya Kakuma imepasua vifuko hivi kwa miaka mingi. Vyumba vyake vimeona matumbo mengi kama ya Ata. Kazi yenyewe ni ya uangalifu zaidi ya kisu. Daktari anazungushia ini vitambaa vilivyolowekwa maji ya chumvi kali ili tone lolote likitoka life hapo. Anachoma sindano kwenye kifuko, anafyonza maji, anaingiza dawa ya kuua mbegu za mnyoo, anasubiri, anafyonza tena. Ndipo anapofungua na kuinua utando wa ndani, mweupe na laini kama yai la kuchemsha lililomenywa, ukitoka mzima mzima daktari hufurahi. Siku hizi wapo wanaotibiwa kwa sindano na dawa tu bila kupasuliwa, njia iliyoanzia Tunisia miaka ya 1980 na kufika Turkana mapema, lakini kifuko cha Ata kilikuwa na vifuko vingine ndani yake na daktari hakutaka kubahatisha.

Aliamka jioni akiwa mkali. Aliuliza mtoto amenyonya? Kesho yake akataka kuona alichokuwa nacho. Muuguzi alikuwa amehifadhi kidogo ya maji yale ya mwanzo kwenye chupa. Watu wengi hutarajia usaha. Maji ya kifuko kisichooza ni maangavu kabisa, unaona kidole upande wa pili. Ata aliinua chupa kwenye dirisha, akaitazama kwa muda.

"Maji safi kama haya nilikuwa nayo tumboni," alisema, "na ninyi mkaniacha niende kuchimba laga."

Wodi nzima ilicheka, yeye akashika mshono na kutulaani kwa kumchekesha.

Alikuja kupona kwangu Lodwar, na hilo lilikuwa gumu kuliko kisu. Nyumba yangu ina kuta za mawe na paa la mabati. Saa nane mchana huko ndani ni tanuri. Aliingia, akatazama juu, akauliza ni nani aliyejenga kitu hiki na alikuwa na ugomvi gani na mimi. Alihamia nje chini ya mwarobaini na mkeka wake, na usiku pia akalala hapo hapo. Majirani walidhani nimemfukuza nyanya yangu. Kila nilipotoka kazini nilimkuta na wageni, wanawake wenye matumbo, wengine wenye watoto wenye matumbo, wote wakitaka kuona mshono. Aliwahoji yeye kabla hajawaonyesha. Uzito uko upande gani? Mbwa wangapi bomani? Wawili kati yao aliwatuma moja kwa moja hospitali kuu ya Lodwar wakapigwe picha, na mmoja alikuwa nacho.

Palikuwa na udhia pia, maana kupona hakulipwi kwa ushujaa. Ngamia mmoja na mbuzi kadhaa walikwenda kwa gharama. Na serikali ilipoanza mwaka 2018 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi chini ya Inua Jamii, kitambulisho chake kilisema bado hajafika. Karani aliyemwandikisha zamani alikuwa amemtazama usoni na kukisia mwaka wa kuzaliwa, na kwa bahati mbaya Ata alikuwa na meno mazuri. Alilichukulia jambo hilo kama sifa kwa wiki moja, kisha kama wizi kwa maisha yake yote.

Madaktari wanataka mtu aliyepasuliwa apigwe picha mara kwa mara kwa miaka mitano hivi, kwa kuwa kipande kidogo kilichobaki kinaweza kuota upya. Ata alihudhuria zote, na sidhani ni kwa hofu. Alipenda kuwa mtu wa kwanza kwenye foleni, mwenye uzoefu, anayewaambia wengine kwamba ile dawa baridi haina mnyama.

Mwaka wa pili alikuja afisa wa mifugo, kijana wa Kiturkana mwenyewe, kuzungumzia mbwa. Boma la Ata lilikuwa na watatu. Kijana alieleza kila kitu vizuri: mnyoo, mayai, matumbo ya kufukiwa, vidonge kila baada ya wiki sita, mbwa asilale na mtoto. Ata alisikiliza mpaka mwisho. Akasema matumbo yatafukiwa, tena kwa kina ambacho fisi hafiki. Mtoto yule wa kike, binti wa mwanawe, hatalambwa, yeye mwenyewe atamwosha, na kama maji hayatoshi basi baba yake ataacha kunywa chai. Mbwa watakula vidonge, yeye atawashika vinywa.

"Lakini wauawe, hapana," alisema. "Huyu mwekundu alimzuia fisi usiku ule mwanangu hayupo. Wewe ulikuwa wapi?"

Kijana akasema, Ata, sijasema wauawe.

"Umewatazama kwa jicho hilo. Na kitu kingine. Mbwa ana dawa, mimi nilikuwa na dawa. Mbuzi wangu hawana? Nao ndio wanaochukua kutoka kwa mbwa, umesema mwenyewe."

Ikabidi kijana, aliyekuwa amekwisha kuinuka, aketi tena juu ya kigoda cha ekicholong, na aanze kueleza habari za chanjo ya kondoo na mbuzi iliyogunduliwa huko Australia, bei yake, na kwa nini haijafika Tarach. Ata alimsogezea chai. Alikuwa na maswali mengine mengi kuhusu bei.